Mawe Yanayokohoa

Niliondoka nyumbani asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, baba amenipa ng'ombe nichunge, na ng'ombe wenyewe waliijua njia kuliko mimi. Siku hiyo nilipofika nao barabarani nikakuta lori la vitunguu limepata pancha. Nikashika spana, nikasaidia kufunga tairi, kwa sababu nilitaka kuona tairi linavyofungwa. Dereva akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia, "Unakokwenda wewe." Nikapanda juu ya magunia. Ng'ombe walijirudisha nyumbani jioni bila hata mmoja kupotea, na nilikuja kusikia kwamba hilo ndilo lililomuudhi baba zaidi.

Nawaandikia ninyi mafundi mnaoshika mwiko sasa hivi. Mwashi wa kijijini hapewi barua ya kustaafu. Siku moja watu wanaanza kukuita mzee badala ya fundi, basi, umestaafu. Mimi nimestaafu mwaka huu mvua zilipokatika, na nimestaafu kwa hasira. Sababu nitaieleza nikifika. Vyeo sikuwahi kuwa navyo, na malipo sitayazungumzia, maana tutakesha.

Dereva aliniacha Manyoni, yeye akaendelea Dodoma. Nikasikia watu wakisema kwamba Kilimatinde kuna nyumba za mawe za tangu Wajerumani na bado zimesimama. Kwetu Iramba nilizoea nyumba za udongo ambazo kila baada ya mvua unazipaka upya, kwa hiyo nikataka kuiona nyumba isiyopakwa. Nikatembea, nikapanda kilima, na huko juu nikamkuta mtu mfupi amebandika sikio ukutani huku anagonga kwa nyundo ndogo.

"Shikamoo," nikamwambia. "Unasikiliza nini?"

"Marahaba. Nasikiliza kama mawe bado ni mazima."

Huyo ndiye Mzee Mlewa, Mgogo, mwashi wa mawe. Alikuwa amepewa kazi ya kukarabati ukuta uliovimba. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Iramba. Akasema watu wa Iramba wanaongea na mbuzi sana, ndiyo maana hawana muda wa kusikia mawe. Nikamwambia mimi nilikuwa naongea na ng'ombe. Akacheka, akanipa karai.

Karai lenyewe nililibeba siku mbili tu. Siku ya tatu alinikalisha chini, nimempa mgongo, akapanga mawe nyuma yangu na kuanza kuyagonga moja moja.

"Hili?"

"Jiwe."

"Najua ni jiwe, sikukwambia ni kuku. Linalia au linakohoa?"

Nilikaa wiki nzima hivyo. Jiwe zima ukiligonga linalia, sauti yake inakwenda mbali kama sufuria tupu. Jiwe lenye ufa ndani linakohoa: sauti inatoka fupi na kufia palepale. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Mlewa alikuwa na sheria moja, kwamba hakuna jiwe linaloingia msingini halijagongwa, hata likiwa limeletwa na askofu au shehe. Timazi, pima maji, kamba ya kunyooshea, vyote nilifundishwa baadaye, na hivyo mtu yeyote mwenye macho anajifunza. Kugonga kulinichukua mwaka.

Kuna jambo jingine alilolirudia mpaka nikachoka. Sisi watu wa huku tuna miamba mikubwa kila mahali, na njia rahisi ya kuupasua mwamba ni moto. Unapanga magogo na samadi kavu juu yake, unawasha, ukishapata moto sana unamwagia maji. Mwamba unapasuka wenyewe. Kila mtu huku anajua kufanya hivyo. Lakini jiwe lililopikwa vile linabaki na nyufa ndogo ndani usizoziona. Litafaa kuzungushia zizi, litafaa kuotea jua. Ukiliweka chini ya nyumba, maji yakilifikia linaanza kubanduka maganda kama kitunguu.

"Sasa mbona watu wanatumia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nyumba haidondoki siku ya kuhamia," akasema.

Nilikaa kwa Mlewa miaka minne, kisha miguu ikaanza kuwasha. Sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka tu kuona wengine wanajengaje. Nikaenda Itigi nikakaa kidogo, nikarudi barabara kuu, nikafika Singida Mjini. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelificha muda mrefu kuliko nilivyoficha kitu kingine chochote maishani.

Bwana Salim alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, babu yake alitoka pwani. Alinunua kiwanja kwenye miamba, upande wa ziwa Kindai, katikati ya kiwanja kuna mwamba mkubwa kama lori. Akaupasua kwa moto. Kulipokucha kulikuwa na rundo la mawe mazuri ya kutazama, yana pembe kali, na msingi ulikuwa hatua kumi kutoka hapo. Akaniambia, "Fundi, Mungu ametuletea mawe mpaka mlangoni." Nilijua. Niligonga matatu, yote yakakohoa, nikaacha kugonga. Nilikuwa na kazi nyingine inanisubiri, nilikuwa kijana, na watu walikuwa wanasifia ninavyochora nakshi ya saruji kwenye maungio ya mawe. Nikajenga. Nikachora nakshi. Mwaka wa pili wake kona ya nyuma ikakaa chini, ukuta ukapasuka mpaka dirishani. Nilipita pale asubuhi nikaona ufa, nikarudi nilikopanga, nikafunga vyombo vyangu, nikapanda basi. Bwana Salim hakuwahi kujua nilikokwenda. Watu wangu wa nyumbani waliambiwa nilihama kwa sababu ya miguu inayowasha. Safari ile miguu haikuwa imewasha.

Nilishukia Ikungi. Kando ya barabara kulikuwa na wanawake wanaponda kokoto, mmoja wao amejifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi. Nilihitaji kokoto kwa ajili ya zege la ngazi fulani, nikaanza kuchagua kwenye rundo lake.

"Wewe ni fundi kweli?" akaniuliza. "Mbona unachagua kokoto kama unanunua nyanya?"

"Naangalia kama ni ngumu."

"Rundo hilo limetoka kwenye jiwe la moto, nawauzia wasiojua. Chukua la huku." Halafu akaongeza, "Umeshika vibaya. Ukiliweka kiganjani, lililopikwa ni kavu zaidi."

Nilifanya kazi na Mlewa miaka minne, hakuna siku aliniambia habari ya kiganja. Huyo ni Mwajuma. Tulioana kabla mtama wa msimu ule haujavunwa, na kwa mara ya kwanza nikawa na anwani.

Watu wanapoisifia nyumba humsifia fundi, na fundi mjinga hukubali. Kokoto zote za zege nililomwaga wilaya nzima ile zilipondwa na mke wangu na wenzake, wamekaa juani na nyundo na kipande cha raba ya tairi cha kushikia jiwe. Hakuna aliyewahi kuwapa miwani. Siku moja, mtoto wetu wa tatu akiwa mgongoni mwake, kipande kikaruka kikamwingia Mwajuma jicho la kushoto. Hospitali walifanya walichoweza. Jicho likaenda. Majirani walikuja kutupa pole, mmoja akasema ndivyo alivyoandikiwa. Nikamwambia atoke kwangu. Miwani ya plastiki ilikuwa inauzwa dukani, na mimi mwenyewe fundi, ninayejua jiwe linavyoruka, sikuwahi kuinunua. Kwa hiyo na mimi nilipaswa kutoka, ila nyumba ilikuwa yangu. Tangu hapo nimegombana na kila fundi niliyemkuta anaagiza kokoto bila kuuliza zinapondwa na nani na usoni amevaa nini. Nanyi nitawagombeza.

Tulipata watoto wanne. Wavulana wawili wa kwanza walikimbia mawe wakiwa wadogo, mmoja anaendesha bodaboda mjini, mwingine ananunua alizeti. Wa nne alitaka kusoma, anasoma. Aliyebaki ni Saida, yule aliyekuwa mgongoni siku ya jicho. Mama yake alimfundisha kiganja, mimi nikamfundisha sikio. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa ananirekebisha kamba yangu hadharani.

Haikuwa rahisi kwake, na najua mnaposema "haikuwa rahisi" watu huitikia kwa kichwa na kuendelea kunywa chai, kwa hiyo nitawapa mfano. Mtu mmoja alituita tumjengee nyumba. Alipomwona Saida ameshika pima maji akanivuta pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika.

"Fundi, nyumba yangu ijengwe na binti? Nikipata ufa nimlalamikie nani, mume wake?"

Saida akamjibu bila kuacha kazi, "Nilalamikie mimi, baba. Mume wangu hajui hata kuchanganya udongo."

Nyumba ile haina ufa hadi leo. Yule bwana akiulizwa nani alimjengea, hutaja jina langu.

Sasa nimefika kwenye hasira yenyewe. Kijijini kwetu huku Ikungi iliamuliwa tujenge wodi ya wazazi kwenye zahanati, msingi uwe nguvu za wananchi. Kila kitongoji kikapangiwa lundo lake la mawe, kwa kona yake moja. Kamati ya ujenzi ikaundwa, mwenyekiti wake Mwalimu Sungi, mwalimu mstaafu, mtu msafi, kalamu mbili mfukoni. Kamati ikatuchagua mimi na Saida tuwe mafundi. Kwa kuwa magoti yangu yalishachoka, nikasema mbele ya wote kwamba Saida atasimamia, mimi nitamsaidia. Waliandika hivyo kwenye muhtasari.

Saida akaanza kama inavyotakiwa: kugonga kila jiwe kabla halijalazwa. Vitongoji vitatu vilipita, akitupa moja hapa moja pale. Alipofika kwenye lundo la kitongoji cha nne, anakoishi Mwalimu Sungi, akagonga ishirini na kuyaweka yote pembeni. Walikuwa wamepasua mwamba kwa moto. Ni kitongoji cha watu wachache, wengi wazee, na moto ndiyo njia waliyoiweza. Mimi siwalaumu kwa kuwasha moto. Akawaambia kwa adabu, "Wazee wangu, haya hayafai msingi. Tuyatumie kwenye uzio, msingi tutafute mengine."

Kwetu, mawe ya nguvu za wananchi yana jina la mtu. Mzee anajua lipi alilivingirisha yeye na lipi lilimponda kidole. Kuyakataa ni kumkataa mwenyewe mbele ya kijiji. Na aliyekataa ni mwanamke aliyezaliwa juzi. Kikao kikaitishwa siku hiyohiyo.

"Mawe ni mawe," akasema Mwalimu Sungi. "Babu zetu wamepasua kwa moto na nyumba zao tumezaliwa humo."

"Nyumba za babu zetu zilikuwa za miti na udongo, Mwalimu," Saida akasema. "Moto walipasulia mawe ya kusagia."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamharibia. Mzee mmoja akasema kwamba huyu binti anatudharau, leo anakataa mawe, kesho atakataa salamu. Ndipo Mwalimu Sungi akanigeukia.

"Fundi mzee, wewe ndiye uliyekula chumvi kwenye kazi hii. Unasemaje?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nyumba nzima ya Bwana Salim mdomoni. Ningesema, "Niliwahi kuweka mawe ya hivi, kona ikakaa, nikakimbia," maneno manane tu. Lakini kuyasema ni kumwambia kila mtu niliyemjengea kwa miaka yote ile kwamba fundi wake aliwahi kukimbia ufa. Mwajuma alikuwa amekaa upande wa wanawake, jicho lake moja limenitazama.

Nikasema, "Kamati iamue."

Kamati ikaamua: mawe yatumike, Saida atoke. Saida akafungasha mwiko na kamba yake, akaenda zake. Kona ile ikapewa fundi mwingine, kijana wa nakshi, akaijenga kwa siku mbili na ikapendeza. Na mimi niliendelea kujenga kona nyingine tatu. Someni tena hapo. Binti yangu amefukuzwa kwa kusema kweli niliyomfundisha mimi, nami nikaenda kazini kesho yake na chakula alichopika mama yake.

Mvua zilikuwa nzuri mwaka huu, alizeti imekubali. Kona ya nne ikakubali pia kufanya ilichotakiwa kufanya. Ukuta ulipasuka kutoka chini mpaka kwenye dirisha la chumba cha kujifungulia. Namshukuru Mungu wodi ilikuwa haijafunguliwa. Mkutano wa kijiji ukaitwa, Mwalimu Sungi akasoma muhtasari: kwamba kona imepata hitilafu, na kwamba ujenzi wa msingi ulikuwa chini ya usimamizi wa fundi Saida binti Hamisi.

Alisoma kwa sauti nzuri ya darasani. Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya siku ya kwanza. Siku ya kumfukuza hakuna aliyeandika.

Nikasimama. Nikaeleza habari ya Bwana Salim yote, mwamba, mawe matatu niliyoyagonga, nakshi, ufa, basi. Minong'ono ikaanza.

"Kwa hiyo mzee unakiri hadharani kwamba uliharibu nyumba ya mtu?" Mwalimu Sungi akauliza.

"Nakiri. Iandike. Na chini yake andika kwamba siku mliponiuliza habari ya mawe haya nilijua na nikanyamaza. Na chini yake uandike kwamba Saida aliyakataa na mkamtoa."

"Muhtasari ulishasainiwa, mzee."

"Basi twende ukagonge jiwe, halina sahihi."

Tulikwenda, karibu mkutano mzima. Nikachomoa jiwe moja kwenye kona iliyobomoka, nikampa nyundo Mwalimu mwenyewe. Akagonga mara moja, kwa aibu aibu. Jiwe likabanduka ganda, kisha jingine, yakabaki mkononi mwake kama maganda ya kitunguu. Bibi mmoja akasema, "Na hapo juu ndipo mlipotaka tuzalie."

Wakakubali kona ibomolewe na ijengwe upya kwa mawe yaliyogongwa. Muhtasari hawakuubadilisha. Mpaka leo, ukienda ofisini ukaomba faili la wodi, utasoma kwamba kona iliyobomoka ni ya binti yangu. Nimekwenda mara tano. Naambiwa mzee, yameisha, jengo limesimama, unatafuta nini tena. Natafuta jina la mtu. Mtu akilazimishwa kubeba kosa ambalo yeye ndiye aliyelizuia, halijaisha, na ninyi vijana msikubali kuambiwa limeisha. Wala msifanye kama mimi, mkasubiri ukuta useme kwanza.

Walimwita Saida aijenge ile kona. Akawatumia salamu kwamba ana kazi kwingine, na hakikuwa kisingizio. Mgeni mmoja aliyekuwepo mkutanoni, amekuja kumwona shemeji yake, alikwenda kusimulia kwao Mkalama, na kijiji chao kilikuwa kinataka kuanza nyumba ya walimu. Saida alikuja nyumbani asubuhi, akamsalimia mama yake, akala uji, ndipo akaniambia.

"Baba, una kazi?"

"Sina. Nimestaafu."

"Nataka mtu wa kuniletea mawe. Asiwe na maneno kwenye vikao."

Mwajuma akasema, "Huyo hapo. Vikao vilimshinda." Tukacheka wote watatu, mimi kidogo kuliko wao.

Tulipanda basi mpaka mjini, tukabadilisha, tukaenda mpaka barabara ikaisha, kisha bodaboda mbili. Nimezunguka mkoa huu maisha yangu yote na kijiji kile sikuwahi kukanyaga. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea uani kwake, mtu mchangamfu. Akanipa shikamoo, akanipa kiti, akampa Saida maji ya kunawa miguu nyuma ya nyumba, akaleta daftari la wageni.

"Karibu sana, fundi. Safari ndefu. Nikuandike jina gani?"

"Fundi anaosha miguu," nikasema. "Anaitwa Saida Hamisi. Anza na yeye."

Akanitazama, akatazama nyuma ya nyumba, akaandika. Niliinama nikaangalia herufi zote, alikuwa amezipata.

"Na wewe mzee, nikuandike nani?"

"Kibarua wake."

Kalamu ikasimama hewani. "Mzee wangu, mtu wa umri wako siwezi kumwandika kibarua. Watanishangaa."

"Basi andika baba yake."

Akaandika, akafunga daftari, akatuonyesha chumba. Kilikuwa na kitanda kimoja na magunia matatu ya alizeti. Mzigo wa Saida nikauweka kitandani, nami nikaanza kuyasawazisha magunia ya kulalia.